Hima, Ngitili na Mafunjo ya Ziwa

 

Kila likizo ya shule ikaribiapo, wazazi wengi wa Shinyanga na Geita hupatwa na shughuli ya kuwafikiria watoto wao. Nyumba huwa ndogo, mitaa huwa na mambo yake, na mtoto asiyepewa kazi hujitafutia kazi mwenyewe. Wako wadhaniao kuwa kuzuru hifadhi ni jambo la wageni watokao ng'ambo, wenye kamera vifuani na fedha mifukoni, na kwamba Muislamu mwenye watoto sita hana haja ya kwenda kutazama ndege na majani. Sivyo. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama, na imetujulisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Basi atazamaye kwa mazingatio yumo katika ibada, maadamu hakupoteza sala wala hakuvunja adabu.

Likizo iliyopita walimu na wazee wa chuo chetu cha Qur'ani waliwachukua vijana, wake kwa waume, kila kundi pamoja na walezi wake, mpaka Mwanza, kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Wengi walitoka Shinyanga mjini, na wachache walitoka vijiji vya Geita. Tuliyoyaona huko tutayaeleza, na swali moja tuliloulizwa huko tutalieleza pia, kwani ndilo lililotutia kalamu mkononi.

KISIWA KILICHOMO MJINI

Saanane ni kisiwa cha majabali katika ghuba ya Mwanza, karibu mno na mji, hata mtu asimamaye juu ya mawe yake huyaona majumba na magari ng'ambo ya maji. Eneo lake lote, nchi kavu na maji, halizidi kilomita za mraba 2.18. Jina lake latokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akikaa huko kwa uvuvi na kilimo kabla kisiwa hakijatwaliwa na serikali. Mwaka 1964 palifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali katika nchi hii; mwaka 1991 pakawa pori la akiba; na mwaka 2013 pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Mgeni hupanda mashua upande wa Capri Point, na safari ni ya dakika chache tu. Akifika hutembea kwa miguu pamoja na mwongozaji katika njia nyembamba zipitazo baina ya mawe. Huwaona swala pala wakila majani, pimbi wakiota jua, na mijusi yenye vichwa vyekundu ikiinua na kushusha vifua vyao kama wafanyao mazoezi. Majini wamo mamba na kenge, na mwenye subira na bahati huweza kumwona fisi maji akipiga mbizi. Wako waendao huko kwa kuvua kwa ndoano, wako waendao kutazama ndege, na wako wachukuao chakula chao wakakila kivulini pamoja na watoto. Hayo ya mwisho ndiyo tuliyoyafanya sisi.

Kabla ya kushuka mashuani, mwalimu mmoja aliwakusanya vijana akawahadithia habari ya safari moja ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Baadhi ya sahaba walimwona ndege na makinda yake mawili, wakayachukua yale makinda. Mama yao akaja akipigapiga mbawa juu yao kwa uchungu. Mtume alipoliona jambo hilo aliuliza ni nani aliyemtia huzuni ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Baada ya hadithi ile hatukumwona kijana hata mmoja aliyeokota jiwe siku ile nzima, wala hatukuhitaji kumkaripia yeyote.

MASIKA NA KIANGAZI

Yafaa msomaji ajue kwamba ziwa halina sura moja mwaka mzima. Atakaye kulijua hana budi alizuru zaidi ya mara moja.

Mvua za kwanza ziangukapo, aghalabu mwezi wa Novemba, vinamasi huamka. Kambale huacha maji makuu wakapanda vijito na kuingia katika majani yaliyofurika, wapate kutaga mayai. Wakati huo huo hufika wageni wa mbali: korongo weupe na mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Ndege hawa hawana ramani wala dira, na wengine ni wepesi kuliko barua, lakini huvuka jangwa na bahari wakafika hapa kwetu, na ifikapo Machi au Aprili hurejea walikotoka. Mnana nao husuka viota vyao vya nyasi juu ya mafunjo, wakachagua matawi yaliyoinamia maji ili nyoka asiwafikie kwa urahisi.

Kiangazi kikifika, tangu Juni, nyasi hukauka, njia hupitika, na wanyama husogea karibu na maji, kwa hivyo mgeni huwaona kwa wepesi zaidi. Vinamasi vidogo vya bara hupungua mpaka vikawa tope tupu. Hapo ndipo ionekanapo hikima ya kamongo. Samaki huyu amepewa mapafu juu ya mashavu yake ya maji. Maji yakiisha aweza kujichimbia topeni, akajifunika kwa utandu wa ute wake mwenyewe uliokauka, akabaki humo miezi mingi bila ya chakula akiingoja mvua. Kijana mmoja wetu alipoelezwa hayo alisema, "Maalim, kumbe samaki naye hufunga!" Watu walicheka, lakini neno lake halikuwa baya.

Tena wako wale wadudu wadogo wa ziwa, watokao majini kwa mamilioni wakapanda juu kama moshi wa moto mkubwa. Hutoka zaidi karibu na mwezi kuandama, na kila mkaaji wa mwambao aujuaye moshi huo hujua pia kuwa mwezi mpya hauko mbali. Sisi tuhesabuo Ramadhani na Idi kwa mwezi tusishangae tukiona kuwa na viumbe wengine wamepewa hesabu hiyo hiyo.

Kwa jamaa wa Geita, hifadhi iliyo karibu zaidi ni kisiwa cha Rubondo, kifikiwacho kwa mashua kutoka Kasenda upande wa Chato, au kutoka Nkome upande wa Geita, ambako safari yake ni ndefu zaidi. Rubondo ni kubwa: kilomita za mraba 456 na zaidi pamoja na maji yake, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Humo mafunjoni anakaa nzohe, swala wa majini, ambaye kwato zake ni ndefu na zenye kutanuka, hata aweza kupita juu ya tope ambalo mnyama mwingine angezama. Akiogopa hujitosa majini akaacha pua tu nje. Msituni wako sokwe mtu, nao si wenyeji wa asili. Mababu zao waliletwa kutoka Ulaya baina ya 1966 na 1969, wapatao 17, kwa juhudi za mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek. Walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na michezo ya sarakasi, na hapana aliyewafundisha kuishi porini. Walifunguliwa wakajitafutia chakula, wakajenga vitanda vyao vya matawi, wakazaa, na wajukuu wao wamo hadi leo. Baina ya Novemba na Machi kisiwa hujaa maua na vipepeo, na baina ya Juni na Agosti ndio wakati wa ukavu na wepesi wa kutembea.

SWALI LA KIJANA

Baada ya kusali adhuhuri na kula, tuliketi chini ya mti, na mimi nikapewa zamu ya kusema. Nilizungumza juu ya maji. Nikawakumbusha kuwa maji ya bomba tunywayo Shinyanga na Kahama hayatoki Shinyanga wala Kahama, bali hupandishwa kutoka ziwa hili, pale Ihelele katika wilaya ya Misungwi. Nikawaeleza kazi ya mafunjo: maji machafu ya mito yaingiapo humo hupunguza mwendo, tope hutua chini, mizizi hunyonya uchafu, na samaki wadogo hupata maficho. Nikasema kuwa Mtume ametukataza israfu ya maji hata kama mtu anatawadha penye mto upitao, na ameonya vikali juu ya kuchafua mahali pa maji, njia ipitwayo na kivuli kipumzikiwacho na watu. Nikamaliza kwa kusema kuwa achafuaye kinamasi amehini amana.

Hapo akanyanyua mkono kijana mmoja wa miaka kumi na mitano hivi, mtulivu, atokaye katika kijiji cha wachimbaji upande wa Geita.

"Maalim, niwie radhi," akasema. "Baba yangu ni mchenjuaji wa dhahabu. Mawe hupondwa kwa karasha, kisha huoshwa, na mahali pa kuoshea ni penye mafunjo, kwa kuwa ndipo penye maji. Zebaki hutumika, na marudio hubaki hapo hapo. Nauli yangu ya safari hii imetoka huko. Je, baba yangu amehini amana? Na mimi nimekula haramu?"

Wenziwe waliinamisha vichwa. Nakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba sikuwa na jawabu tayari. Nilikuwa nimesema neno zuri bila kufikiri litamwangukia nani. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo uketi karibu nami. Swali lako ni kubwa kuliko hotuba yangu. Dhahabu kwa asili yake ni halali, na kazi ya mkono ni tukufu. Lakini namna ya kuitoa yahitaji kuangaliwa. Nipe muda nikaulize, na nikamsikilize mzee wako kabla ya kumsema."

TULIYOYAPATA

Tuliporudi tuliuliza kwa wajuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata. Zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu ili iikamate ile dhahabu, kisha bonge lile huchomwa, zebaki ikaruka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo humdhuru avutaye pumzi karibu, hasa ikiwa kazi yafanywa nyumbani penye watoto. Na ile iliyobaki katika marudio ikiingia katika tope la kinamasi, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza ikawa sumu nyingine, kali zaidi, iingiayo katika samaki. Samaki mdogo huwa nayo kidogo, mkubwa amlaye mdogo huwa nayo nyingi. Mama mja mzito akimla, madhara hufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Hayo si ya kubuni. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya taka za kiwanda zenye zebaki kumiminwa baharini na watu kula samaki. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania imejiunga nao mwaka 2020.

Tukafunga safari kwenda kwa baba wa kijana. Alitupokea vyema, akatupa viti na maji, kisha akasema kwa sauti ya upole lakini yenye uchungu: "Maalim, mwanangu amerudi kutoka ziwani ananitazama kama mwizi. Mimi nina watu saba wa kulisha. Shamba ni dogo, mvua hazitabiriki. Wenye mitambo mikubwa wanachimba mbele ya macho yangu. Mmewafunza watoto wetu kutuhukumu. Je, mmewafunza na njia nyingine ya kula?"

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na haikutupasa kuyajibu kwa aya na hadithi peke yake.

HIMA NA NGITILI

Hapo ndipo tulipoikumbuka hima. Katika zama za Mtume palikuwa na ardhi iliyohifadhiwa kwa manufaa ya umma, isilishwe wala kukatwa ovyo, na bonde la Naqii karibu na Madina lilifanywa hima kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Umar bin Khattab, Mungu amridhie, alipokuwa Khalifa alimweka msimamizi juu ya hima, akamwusia amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na awazuie matajiri wenye makundi makubwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurudia, ama maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa. Basi hima katika Uislamu haikuwa ukuta wa kuwafukuza wanyonge. Ilikuwa mlango wenye bawabu, na bawabu ameagizwa amtazame kwanza asiye na pengine pa kwenda.

Na jambo hili si geni kwa Wasukuma. Wazee wetu walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho ifungwayo mvua zianzapo, isiguswe mpaka kiangazi, ndipo ifunguliwe kwa ndama na ng'ombe wazee na wagonjwa. Mila hiyo ilidhoofika, na zamani za ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwaua mbung'o, hata nchi ikakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, na badala ya kuleta mambo mapya matupu, ukaifufua ngitili ya wazee. Wakati huo ngitili zilizosalia zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hapana askari aliyeweza kuyalinda hayo yote. Walioyalinda ni wanakijiji, kwa sababu kila mmoja alijua fungu lake limo ndani.

Tulimweleza mzee yule mambo haya, na majirani zake wachenjuaji wakaitwa. Walizungumza wao zaidi kuliko sisi. Walikubaliana mambo matatu. Kwanza, pahala pa kuoshea pahamishwe mbali na mafunjo, lichimbwe shimo lililosakafiwa ili maji na marudio yasirudi mtoni. Pili, bonge lisichomwe tena nyumbani wala mbele ya kina mama na watoto, bali katika chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba, ambacho huushika mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Na chombo kimoja kinunuliwe kwa shirika. Tatu, lile eneo la mafunjo liachwe lipumzike, na atakayekata mafunjo kwa mikeka akate kwa zamu.

Hatusemi kuwa shida imekwisha. Zebaki bado yatumika, ingawa kidogo kuliko kwanza, na wako wachenjuaji waliokataa kuhama kwa sababu ya gharama ya kuchukua maji mbali. Mmoja alitwambia waziwazi kwamba atahama siku tajiri aliye juu ya kijito atakapohama. Nasi hatukuweza kumwambia kuwa amekosea.

JAWABU

Kijana alipokuja chuoni tena alikumbusha ahadi yangu. Nilimjibu hivi: Baba yako hakukulisha haramu kwa kukusudia. Alifanya walivyofanya wote, hali hakuelezwa madhara. Lakini sharia yetu haimruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe, na ajuaye hawi sawa na asiyejua. Tangu siku aliyoyajua, amefanya awezalo, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Hesabu iliyo nzito zaidi itakuwa kwa mwenye uwezo mkubwa na madhara makubwa, aliyejua kisha akanyamaza. Na wewe, usimtazame mzee wako kama mwizi. Mshike mkono.

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama safari ijayo itakuwa lini, kwani baba yake ametaka kwenda naye.

Basi enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu ziwani. Aliye Shinyanga, njia ya Mwanza ni kiasi cha kilomita 160. Aliye Geita, tangu Juni 2025 hangoji tena kivuko pale Busisi, kwani daraja limefunguliwa. Nendeni masika mkaone wageni wa angani, nendeni na kiangazi mkaone subira ya vinamasi. Chukueni chakula chenu na mikeka ya kusalia, na rudini na taka zenu. Msiwaache watoto waogelee penye mamba, wala wasiwatupie wanyama chakula. Na mkiulizwa swali ambalo hamna jawabu lake, msilifukuze, hata likiwa limeelekea mezani penu wenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayabariki maji yetu, atupe riziki ya halali isiyomdhuru jirani, na awajaalie vijana wetu kuwa walinzi wa amana hii baada yetu. Amin.